Kati ya Wapi na Wapi

Ukiniuliza ni volti ngapi zinaua, nitakurudishia swali: kati ya wapi na wapi? Wanafunzi wangu walilichoka swali hilo mpaka wakanibatiza jina. Nikikaribia darasa nilikuwa nasikia mmoja akiwaonya wenzake, "Kaeni chini, Kati-ya-Wapi anakuja." Sikuona sababu ya kukasirika. Mada ya potenshali na uga wa umeme huwatoa jasho wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, lakini ukiikamua vizuri hubaki na swali hilo tu. Aliyelishika amevuka. Asiyelishika atakariri fomula hadi siku ya mtihani, na kesho yake hazipo.

Mimi nilikutana na swali hilo kabla sijajua kama kuna somo linaloitwa fizikia. Nilikulia Karagwe, kwenye vilima ambako mvua haiji bila radi. Jirani yetu alikuwa na ng'ombe wa pembe ndefu. Mchana mmoja wingu lilipotanda, ng'ombe wakajikusanya chini ya mkaratusi uliosimama peke yake malishoni. Kijana aliyewachunga akachuchumaa mbali kidogo, magoti kifuani, gunia kichwani. Radi ikaupiga ule mti. Tulipofika, gome lilikuwa limechanika kutoka juu hadi kwenye mizizi, na ng'ombe wamelala chini, wengine majani bado yako mdomoni. Kijana alikuwa hai, analia, hasikii tunachomwambia. Na ukingoni mwa kundi alisimama mtamba mmoja, anatetemeka, mzima kabisa. Ubavuni mwake, sawasawa naye kwa umbali kutoka kwenye mti, palikuwa na dume kubwa limeanguka kifudifudi, kichwa kimeelekea kwenye shina.

Jua halikuzama kabla maelezo hayajapatikana. Ilikuwa radi ya kutumwa. Mwenye mifugo alikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba na ndugu yake, na mtamba aliyepona alikuwa amepewa na ndugu huyohuyo miaka ya amani. Ushahidi gani tena ulihitajika? Radi ya kawaida ingejuaje ng'ombe yupi ametoka kwa nani? Nyumba mbili zikaacha kusalimiana. Watoto wa upande huu wakakatazwa kuchota maji na watoto wa upande ule. Mimi nilikuwa mtoto, na neno langu halikuwa na mahali pa kukaa, lakini yule mtamba hakunitoka akilini. Wazee walijibu kwa nini amepona. Hakuna aliyejibu amepona namna gani.

Miaka ilipita, nikafika kidato cha tano na kukutana na tafsiri ya potenshali kama ilivyo vitabuni: kazi inayofanywa kuileta chaji chanya ya kulombu 1 kutoka mbali kusiko na mwisho hadi mahali fulani. Mwalimu aliiandika ubaoni, akaipigia mstari, akaingia kwenye hesabu. Tafsiri hiyo ni sahihi kabisa, na ni mlango mbaya wa kuingilia. Mwanafunzi anabaki kule kusiko na mwisho, hana pa kukanyaga. Kilichonirudisha duniani ni somo la jiografia, lile la kusoma ramani.

Kwenye ramani ya vilima, mistari ya kontua huunganisha mahali penye kimo kimoja. Ukitembea juu ya kontua hupandi wala hushuki. Ukiikata, unapanda au unashuka, na mahali kontua zilipobanana ndipo penye mteremko mkali. Uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, lakini mvuvi wa Bukoba hahofii kuporomoka mita 1,134, kwa sababu kila upande anaotazama maji yana kimo kilekile. Kimo chake ni kikubwa, mteremko wake ni sifuri. Potenshali ni kimo hicho cha umeme, na uga wa umeme ni mteremko wake. "Mbali kusiko na mwisho" ni kama usawa wa bahari: ni mahali watu walipokubaliana kuanzia kuhesabu, basi. Ndiyo maana uga hupimwa kwa volti kwa kila mita, maana yake ni kimo kinachopotea katika kila mita unayokwenda.

Nilipoanza kufundisha nilisoma habari za mtu aliyeliweka jambo hili mahali pake, nikampenda tangu siku hiyo. George Green alizaliwa mwaka 1793 Nottingham, Uingereza, akasoma shule kwa muda wa mwaka mmoja hivi utotoni, kisha akaingia kwenye kazi ya baba yake ya kuoka mikate na kusaga ngano. Mwaka 1828, akiwa bado msagaji, alichapisha kwa michango ya wasomaji andiko la hisabati ya umeme na sumaku. Walionunua ni watu takriban 50 tu, wengi wao wakiwa wa mji wake. Alifariki mwaka 1841 bila umaarufu wowote. Mwaka 1845 kijana William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alilipata andiko hilo na kulitangaza kwa wanahisabati wa Ulaya. Humo ndimo jina la potenshali lilimoingizwa kwenye somo la umeme.

Alichokiona Green kina faida ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuionja. Uga ni mshale: kila mahali una ukubwa na una upande unaoelekea. Ukiwa na chaji tano zilizotawanyika, inakubidi ujumlishe mishale mitano kwa pembe zake, na hapo ndipo karatasi za majaribio zinapochafuka. Potenshali haina upande. Ni namba tupu, chanya au hasi, na unazijumlisha kama hesabu ya sokoni. Ukishapata namba ya kila mahali, mshale unaupata kwa kuangalia namba zinashuka kuelekea wapi na kwa kasi gani. Msagaji wa Nottingham alitupunguzia kazi.

Lakini darasa halishibi historia. Nilitaka waone. Maabara yetu haikuwa na ile karatasi maalumu ya kaboni ambayo vitabu huitaja, kwa hiyo tulitumia sinia la plastiki nyeupe, karatasi ya grafu chini yake, na maji ya bomba kina cha kidole. Tulisimamisha misumari miwili majini, sentimita 20 kati ya mmoja na mwingine, tukaunga betri ya volti 9. Mita tuliazima kwa fundi redio wa sokoni. Waya mweusi wa mita tuliushikiza kwenye msumari wa upande hasi, mwekundu mwanafunzi akautembeza majini polepole.

Dakika za kwanza huwa za kelele, kila mtu anataka kushika waya. Kisha kimya kinaingia, maana namba zinaanza kusema. Vipovu vidogo vinapanda kwenye misumari. Mmoja anatafuta mahali mita inaposoma volti 3, anaita nambari za grafu, mwenzake anaweka nukta kwenye daftari. Anasogea, anatafuta volti 3 nyingine. Nukta zikiunganishwa, unatokea mkunjo unaouzunguka msumari. Za volti 4.5 zinatoa mstari ulionyooka katikati ya sinia. Karibu na misumari mikunjo imebanana, katikati imeachana. Ukichora mistari ya uga, kila mmoja unaikata mikunjo hiyo kwa pembe mraba, kwa sababu mteremko mkali kuliko yote daima huikata kontua moja kwa moja.

Hapo nilikuwa nawauliza: sifuri iko wapi? Wote wanaonyesha msumari hasi. Basi nauhamisha waya mweusi mpaka katikati ya sinia. Ghafla katikati ndiko kwenye sifuri, msumari mmoja unasoma chanya na mwingine hasi. Maji hayajaguswa. Betri ni ileile. Vipovu vinapanda kama vilivyokuwa vikipanda. Kilichohama ni mahali tulipoanzia kuhesabu, na tofauti kati ya mahali popote pawili imebaki vilevile. Pale katikati potenshali inasomeka sifuri, na bado chaji ikiwekwa hapo itasukumwa, kwa sababu mteremko upo. Swali la mtihani kuhusu nusu ya njia kati ya chaji mbili zilizo sawa kwa ukubwa lakini zenye alama tofauti, ambako potenshali ni sifuri lakini uga si sifuri, halikuwasumbua tena.

Halafu nilikuwa natoa kijiti chenye pini mbili, moja kila mwisho, zilizoachana sentimita 3, kila pini imeungwa kwenye waya mmoja wa mita. Wanafunzi walikiita ng'ombe: pini ya mbele miguu ya mbele, pini ya nyuma miguu ya nyuma. Tunamsimamisha ng'ombe katikati ya sinia, kichwa kikielekea msumari. Mita inasoma karibu nusu volti. Tunamsogeza mpaka karibu na msumari, akiutazama vilevile. Inapanda, inapita volti 1. Sasa mgeuze, mwambie mwanafunzi, bila kumtoa alipo, aupe msumari ubavu. Namba inaporomoka mpaka karibu na sifuri.

Ng'ombe ni yuleyule, urefu ni uleule, msumari uko palepale. Amegeuka tu.

Siku ya kwanza kulifanya jaribio hilo, nilikuwa nimewasimulia habari ya Karagwe bila kuwapa jibu. Binti mmoja wa nyuma aliinua mkono kabla sijauliza chochote. "Mwalimu, kwa hiyo yule mtamba alisimama juu ya kontua?" Nilimwambia aje mbele awaeleze wenzake, nami nikakaa kwenye kiti chake.

Maelezo yake tuliyatia namba ubaoni. Radi ikishuka kwenye mti huingia ardhini na kusambaa pande zote, na potenshali ya ardhi hushuka kadiri unavyojitenga na shina. Chukua radi ya ampea 20,000, na udongo wenye ukinzani wa kiasi cha ohm-mita 100, tuuhesabu kuwa wa namna moja kila upande. Kwenye mita 10 kutoka mtini, mtu aliyetanua hatua ya nusu mita kuelekea mti ana tofauti ya volti 1,500 hivi kati ya mguu na mguu. Ng'ombe ambaye miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana mita 1.5 ana zaidi ya volti 4,000, na njia ya mkondo kutoka mbele kwenda nyuma inapita kiwiliwili, moyo ukiwemo. Aliyechuchumaa na nyayo zikagusana, sentimita 5 tu kati ya moja na nyingine, anabaki na volti 160 au pungufu. Mita 3 kutoka shinani, yule ng'ombe mwenye kichwa mtini anafikisha volti 35,000. Sasa mtazame tena dume na mtamba waliosimama umbali mmoja. Dume lilikuwa limeikata kontua. Mtamba alikuwa ameifuata.

Likizo iliyofuata nilimwendea mwenye mifugo. Nilimwamkia shikamoo, nikakaa naye uani, nikachora duara vumbini kuzunguka kijiti. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali ambalo hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuliuliza: "Basi mwalimu, wingu likitanda nikiwafunga wote wamepanga ubavu, watapona?" Nilimjibu kuwa ubavu ni ubavu mbele ya mti fulani, na radi haitoi taarifa itashukia wapi, aliyeupa ubavu mkaratusi huu anauangalia uso kwa uso ule wa pili. Dawa ni kuuzungushia ua mti ulio peke yake, ng'ombe wasizoee kuutafuta. Akatikisa kichwa, akaniuliza bei ya waya wa senyenge. Kuhusu ndugu yake hakusema neno, nami sikumwuliza. Fizikia ilikuwa imemwondolea ushahidi mmoja. Ugomvi wa mpaka una ushahidi mwingine mwingi.

Swali la kati ya wapi na wapi lina ndugu yake, nalo ni: chaji kiasi gani? Huyu nilikutana naye chuoni Dar es Salaam, mbele ya mashine ya Van de Graaff, tufe la chuma linalopandishiwa chaji kwa mkanda wa mpira. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, chaji huvuja kabla haijajikusanya, na fundi wa maabara alikuwa akianza kwa kulikausha tufe na nguzo yake kwa mashine ya kukaushia nywele. Hewa kavu huvumilia uga wa volti milioni 3 hivi kwa kila mita. Ukizidi hapo inapasuka na cheche inaruka. Tufe lenye nusu kipenyo cha sentimita 10 haliwezi basi kuvuka volti 300,000, kwa kuwa uga kwenye uso wa tufe ni potenshali yake igawanywe kwa nusu kipenyo. Volti laki tatu! Na bado unalishika ukiwa juu ya kigoda cha plastiki, nywele zinasimama, wenzako wanacheka.

Piga hesabu uone. Tufe la ukubwa huo, likijaa kabisa, linabeba sehemu tatu hivi tu za kulombu 1 iliyogawanywa sehemu milioni, yaani kulombu 0.0000033. Nishati yote iliyomo ni nusu jouli, inayotosha kunyanyua kilo 1 kwa sentimita 5. Inakuchoma kidole na kukutoa ukelele, imekwisha. Soketi ya ukutani ina volti 230 tu, lakini nyuma yake kuna mitambo isiyoishiwa chaji. Ngozi iliyolowa ikiacha ukinzani wa ohm 2,000, unapitiwa na zaidi ya ampea 0.1, sekunde hadi sekunde, na kiasi hicho kikipita moyoni kinaweza kuusimamisha. Volti inakueleza kila kulombu inabeba jouli ngapi ikitoka hapa kwenda pale. Haikuelezi kulombu ngapi ziko njiani.

Kwa maswali hayo mawili, ndege aliyetua kwenye waya wa volti 33,000 si kitendawili. Miguu yake yote miwili iko kwenye waya mmoja, na kati ya mguu na mguu hakuna hata sehemu ya mia ya volti. Korongo mwenye mabawa mapana akigusa nyaya mbili kwa pamoja, au waya na chuma cha nguzo, anakufa papo hapo. Hiyo ndiyo maana ya kihami kirefu pale juu ya nguzo, cha kuuweka umbali kati ya kimo na kimo.

Jioni moja ya upepo, mti uliangukia laini ya umeme karibu na nilipokuwa nimepanga, na waya ukashuka kwenye migomba kando ya barabara. Watu wakaanza kukusanyika. Mmoja alikuwa ameshapata mti mkavu wa kuunyanyulia, na dereva wa bodaboda alikuwa amesimama karibu kuliko wote, mguu mmoja kwenye pikipiki na mwingine chini, anapiga picha. Udongo ulikuwa umelowa. Nilipiga kelele wasimame, kisha warudi nyuma kwa kuburuta nyayo, moja isiachane na nyingine. "Mwalimu, mbona hauchezi, umekufa huo!" akaniambia dereva. Waya uliolala kimya unaweza kuwa na volti zake zote, na ardhi inayouzunguka ina kontua zake ambazo jicho halizioni. Alibishana, lakini akaburuta. Tukawazuia watoto na mbwa, tukapigia simu dharura ya shirika la umeme, tukasubiri mpaka mafundi walipokuja kuikata laini na kuiunga na ardhi mbele ya macho yetu.

Nimewafundisha wengi ambao leo ni wahandisi, na wengi zaidi ambao hawakugusa tena fizikia baada ya mtihani. Hawa wa pili ndio waliobadilisha mpangilio wangu wa kufundisha. Mhandisi atajifunza tena mbele ya safari. Mkulima, muuguzi na dereva wana nafasi hii tu. Kwa hiyo naanza na sinia la maji, si na ubao. Tofauti kati ya mahali pawili inakuja kwanza, mteremko unafuata, kiasi cha chaji kinafuata. Kule mbali kusiko na mwisho tunakwenda wiki ya mwisho, na tunakwenda kwa miguu, kila mmoja akiwa ameshaona sifuri ikihamishwa kwa mkono. Anayeondoka darasani bila fomula lakini akiweza kuutazama waya ulioanguka na kujiuliza mguu wake wa kushoto na wa kulia iko kwenye vimo vipi, mimi huyo nimempa alama zake zote.